Mkanda wa Kiwiko Haufungwi Kama Mzigo

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vifaa vya viungo ya hospitali moja, pale Murara mjini Goma, hakuna aliyeniuliza nilisomea nini. Mkuu wa karakana, ambaye sote tulimwita Shefu, alinipa kipande cha ngozi kilichokatwa kutoka mshipi wa mitumba, sindano nene na uzi uliopakwa nta, akaniambia nishone ukingo. Nilikuwa nimevaa koti jeupe ambalo mama alilipiga pasi mara mbili. Nilikuwa na diploma ya kinesitherapi, yaani elimu ya kutibu misuli na viungo kwa mazoezi na kwa mikono, na nilidhani ningeanza kwa kupima wagonjwa. Nikashona. Ukingo ukapinda kama barabara ya kupanda Masisi.

Shefu alitazama kazi yangu juu ya miwani yake.

"Kule université balikufundisha kushona?"

"Hapana, Shefu."

"Basi hatuna mutu ya kulaumu. Fumua, anza tena."

Nikafumua. Lakini nilipokuwa nafumua nikauliza kile kipande ni cha nini. Akasema ni mkanda wa kiwiko, wa mtu anayeumwa hapa, akagusa mfupa mdogo ulio upande wa nje wa kiwiko chake. Nikauliza mkanda unafungwa wapi. Akagusa chini kidogo, kwenye nyama ya mkono. Nikauliza juu ya nini, kama tunavyosema Goma badala ya kwa nini, maumivu yako huku na mkanda unakaa kule.

"Tunafanyaka hivyo," akasema.

"Juu ya nini?"

"Juu miye nilikuta banafanya hivyo."

"Na bale uliokuta, juu ya nini balifanya hivyo?"

Mafundi wote wakaacha kupiga msasa. Shefu akavua miwani, akaifuta kwa aproni, akairudisha. Tangu siku hiyo jina langu katika karakana likawa Madmazeli Juu-ya-Nini.

Najua kwamba kumbukumbu za kazi huandikwa na watu wenye mvi, waliokwisha kurudisha funguo za ofisi. Mimi sina mvi, na funguo ndiyo kwanza nimepewa. Vijana wanaokuja kwetu kwa mazoezi ya kazi waliomba mtu awaandikie jinsi mikanda hii ilivyokuwa ikitengenezwa kabla yao, na aliyestahili kuandika ni Shefu, kwa sababu ndiye aliyestaafu. Akakataa. "Miye nilitumika," akasema, yaani yeye alifanya kazi, "weye uliuliza. Andika weye." Kwa hiyo naandika, kwa sharti moja: mtakaposoma, msiniamini haraka.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Wataalamu wanauita kiwiko cha tenisi, ingawa katika miaka yangu Goma sijapokea mchezaji wa tenisi hata mmoja. Misuli inayoinua kiganja na kunyoosha vidole imelala juu ya mkono, kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko. Huko juu inakusanyika kuwa kano moja, na kano hiyo imejishikiza kwenye ule mfupa mdogo wa nje. Kila unapofumba ngumi kushika kitu, misuli hiyo hukaza ili kiganja kisilegee. Mtu akishika panga, nyundo, bidoni la maji au nguo za kukamua kwa miaka, kano huchoka kama kamba iliyoanza kunyonyoka nyuzi. Siku moja anainua kikombe cha chai na kikombe kinamshinda.

Mkanda tuliotengeneza ulikuwa na upana wa vidole vitatu hivi. Ngozi ilitoka kwenye mishipi ya mitumba, na velkro, ile tepe inayoshikana kwa vikulabu na manyoya, tuliitoa kwenye mikoba ya shule iliyochakaa, maana vifaa vya kuagiza vilikuwa vikikwama njiani mara nyingi kuliko vilivyofika. Ndani tuliweka kimto kidogo kilichokatwa kutoka soli ya kandambili. Kimto hukaa juu ya msuli, upana wa vidole viwili chini ya mfupa unaouma. Wazo ni hili: mbuzi akivuta kamba, nawe ukaishika kamba katikati, kigingi hakivutwi kwa nguvu ileile. Kiwiko ndicho kigingi. Maelezo hayo sikuyapata kwa Shefu, niliyaunga mwenyewe baada ya kusoma, na hata hivyo vitabu nilivyosoma havikukubaliana. Kimoja kilisema mkanda husaidia, kingine kilisema husaidia kidogo na kwa muda, cha tatu kilisema mazoezi ndiyo yenye nguvu. Nilipomweleza Shefu, alijibu kwamba vitabu vikimaliza kugombana vimjulishe, yeye ana mguu wa bandia wa kumalizia kabla ya saa sita.

Baada ya karakana nilihamishiwa kituo chetu kidogo cha Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, chini ya Sista Msimamizi. Kule wanawake hukaa juu ya mawe ya volkano wakiyaponda kwa nyundo kuwa kokoto za ujenzi. Viwiko vyao vilikuwa vinalia, lakini kituoni hawakuja, kwa sababu hakuna aliyehesabu maumivu hayo kuwa ugonjwa. Waliyaita uchovu. Sista alipoona hali ile akataka tuwagawie wote mikanda, wazima na wagonjwa, ili wasiumie.

Nikauliza tunajuaje kwamba mkanda unamkinga mtu ambaye hajaanza kuumwa.

"Madmazeli," Sista akasema, "weye ungemwambia hata malaika Gabrieli alete mashahidi."

Lakini alinisikiliza. Tulikubaliana kwamba mkanda tungempa anayeanza kusikia uchungu, ili usikomae. Kwa wengine tulifanya mambo yasiyo na sura ya dawa: tulinenepesha mipini ya nyundo, tukawafundisha kubadilisha mkono, tukawaomba wapange zamu, huyu aponde, yule apange kokoto. Baadhi walitucheka. Baadhi walifanya. Nilijifunza kule kwamba kukinga ni kazi isiyo na shukrani, kwa kuwa hakuna mtu anayekuja kukuambia leo sikuumwa.

Niliporudishwa Murara nilipewa chumba cha kupokea wagonjwa, na Shefu akabaki karakana, mlango kwa mlango. Tayari ilijulikana kwamba ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Hapo ndipo alipokuja Papa Bahati.

Alikuwa mtu mrefu wa Ndosho, mwenye asili ya milima ya Masisi, mkono wa kulia akiubeba kwa mkono wa kushoto kama mtoto aliyelala. Mkewe, Mama Bahati, alimfuata nyuma akiwa na kitenge na neno la kusema juu ya kila kitu. Kazi ya Papa Bahati ilikuwa kuchonga chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba viazi, makaa na mbao mjini kwetu. Alichonga kwa shoka na panga, kutoka gogo la mkaratusi hadi usukani.

Nilimpima kama tunavyopima. Nilimwambia anyooshe mkono, afumbe ngumi, ainue kiganja huku mimi nakisukuma chini. Akamtaja Yesu kwa sauti. Nikabonyeza mfupa wa nje wa kiwiko, akamtaja tena.

"Papa, hii tunaita kiwiko cha tenisi."

Akanitazama, kisha akamgeukia mkewe. "Umesikia? Miye minachezaka tenisi."

"Ah," Mama Bahati akasema, "ndiyo maana unachelewaka kurudi nyumbani."

Walicheka wote wawili, nami nikacheka, na kutoka upande wa pili wa mlango nikamsikia Shefu akicheka. Kisha Papa Bahati akaacha kucheka. Akaeleza kwamba mwenye depo moja ya simenti anamtaka awe sentineli, akae mlangoni na kulinda. Atamngoja mpaka mwisho wa mwezi, basi. Mkono ukiendelea kukataa, ataenda.

"Sentineli ni kazi pia, Papa."

"Ni kazi. Lakini sentineli analindaka bintu bya mutu. Miye nilizoea kutoa kitu mu muti."

Mama Bahati aliuinua ule mkono wa kulia, akauweka tena mezani mbele yangu.

Shefu alimkatia mkanda siku hiyohiyo, akamfunga, mimi nikamweleza: hapa, chini ya mfupa, usikaze sana, uvae unapofanya kazi. Akashukuru, akaondoka. Kwa mazoea yetu ya zamani kazi ilikuwa imekwisha. Mgonjwa akija, tunampa kifaa, anaenda nacho.

Juma lililofuata alirudi, mkono umevimba kuanzia kiwiko hadi kucha, vidole vyenye rangi ya biringanya. Mkanda wetu alikuwa ameupandisha hadi juu ya mfupa wenyewe, na juu ya mkanda alikuwa amezungusha utepe wa mpira wa tairi la ndani, uleule ambao waendesha chukudu hufungia magunia. Fundo lake lilikuwa zuri sana. Shefu hakuweza kulifungua, akalikata kwa mkasi.

"Papa! Mukono si gunia ya makaa!" Shefu akapaaza sauti.

"Muzigo ikifungwa lege-lege, pa kushuka kilima inaanguka. Nilifunga sawa vile nafungaka siku zote."

"Na juu ya nini umepandisha huku juu?" nikauliza.

"Juu huku ndiko kunauma, Docta. Mutu anakunaka pahali panawasha."

Alituwekea mkanda mezani kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani. Alikuwa amefanya lile ambalo kila mtu wa kazi yake angefanya. Mjini kwetu kitu kinachofungwa hufungwa ili kisitoke. Sisi tulimpa kitu cha kufunga, tukasahau kwamba kufunga ana namna yake tayari.

Habari ilifika kwa Daktari Mkurugenzi kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa daktari wa upasuaji, mtu wa sentensi fupi. Alituita mimi na Shefu.

"Mikanda ya kiwiko, basi. Watu wa kazi za mikono wasipewe tena. Wapumzike mpaka wapone."

"Docta, apumzikie wapi?" nikauliza.

"Madmazeli, swali si dawa."

"Na kupumzika na njaa si dawa pia, Docta."

Shefu alikohoa, kikohozi cha kuniombea msamaha. Daktari Mkurugenzi alinitazama kitambo. Nilidhani nafukuzwa. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Vizuri," akasema. "Nionyeshe. Mwisho wa mwezi nataka kuona mtu huyo ameshika shoka, na vidole vyake vina rangi ya vidole. Nisipoona, karakana irudi kwenye miguu na magongo."

Kwa hiyo mwisho wa mwezi ukawa mwisho wa mambo mawili kwa pamoja, lakini kusema kweli la kwetu lilikuwa dogo. Sisi tungepoteza kifaa kimoja kati ya vingi. Papa Bahati angepoteza kazi yake.

Nilimwambia Shefu naenda Ndosho kumwona akifanya kazi. Alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Kwake fundi wa vifaa hakutoka. Mgonjwa ndiye aliyekuja, akapimwa, akavishwa, akatembea mbele ya kioo, akaenda. Ndivyo alivyofundishwa upande wa Bukavu akiwa kijana, na ndivyo alivyotufundisha. Nikamuuliza juu ya nini. Akasema kwa sababu nyumbani kwa mgonjwa hakuna meza. Nikasema labda meza ndiyo inayotudanganya, kwa sababu mezani kila mkono umelala. Akarudi kwenye plasta yake.

Asubuhi yake nilimkuta getini, kofia kichwani, mfuko wa vifaa begani.

"Shefu, tunaenda pamoja?"

"Miye siendi. Nasindikiza mukanda."

Tulipanda pikipiki mbili hadi Ndosho. Karakana ya Papa Bahati ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, sakafu ni jiwe la volkano lililofunikwa na maganda ya mkaratusi, harufu yake kali na safi. Chukudu moja iliyokamilika iliegemea ukuta, nyingine ilikuwa imelala ubavu bila magurudumu. Uvimbe ulikuwa umepungua na alikuwa amejaribu kuanza tena, safari hii akiwa na mkanda wetu mwingine. Tulimwomba afanye kazi kana kwamba hatupo. Jambo hilo halikuwezekana, kwa sababu majirani walikuwa wamekwisha kukusanyika kuona madaktari waliofuata mgonjwa nyumbani.

"Bamekuja kumunyanganya muguu," mmoja aliyejua kwamba tunatengeneza miguu ya bandia akasema, na wote wakacheka.

Tulitazama. Mpini wa panga lake ulikuwa mwembamba na umelainika kwa miaka ya jasho, kwa hiyo ili usiteleze alilazimika kuukamua. Kiganja chake kilikuwa kimepinda kwenda juu kila alipochonga. Na tuliona kitu ambacho mezani pale Murara tusingekiona kamwe: kila uchungu ulipomchoma, alisimama, akashika ncha ya mkanda kwa meno, akavuta, akaukaza zaidi, akaendelea. Hata hakujua kwamba anafanya hivyo. Lilikuwa tendo la mtu anayesikia mzigo umelegea nyuma yake.

"Na usiku analala nayo," Mama Bahati akatoa siri. "Hata mu kanisa. Hata kuoga."

Nikaanza kumweleza habari za damu, mishipa na mzunguko. Nilieleza vizuri, nadhani. Alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesikiliza mahubiri ya dhehebu lisilo lake. Nilipomaliza alisema ndiyo, ndiyo, akashika ncha ya mkanda kwa meno.

Nilikuwa nimechoka, na nikichoka huuliza maswali ya ovyo. Kwenye gurudumu la nyuma la ile chukudu iliyokamilika kulikuwa na kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari, ambacho mwendeshaji hukikanyaga akitelemka, kama breki.

"Papa Bahati, hii ni freni?"

"Ni freni."

"Juu ya nini haukaze freni siku yote? Chukudu haitakimbia, muzigo haitaanguka."

Majirani waliangua kicheko. Papa Bahati naye alicheka, akanionea huruma.

"Docta, freni ikikazwa siku yote, gurudumu itakufa! Freni unakanyaga pa kushuka. Pa kulala unaachia. Na unakanyaga kidogo, ukikanyaga nguvu unaanguka weye na viazi..."

Aliutazama mkono wake. Mama Bahati aliona kabla yetu.

"Ehee," akasema. "Sasa ongea, mwalimu ya freni."

Papa Bahati alifungua velkro polepole. Chini yake ngozi ilikuwa na alama nyeupe ya mkanda. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza akiuliza kweli: "Sasa nitajuaje ile kidogo ni kiasi gani? Mukono yangu inajua nguvu tu."

Katika vitabu imeandikwa ukaze kiasi cha kutosha, na kiasi cha kutosha hakishoneki. Shefu ndiye aliyekaa chini juu ya gogo, akafungua mfuko, akamwambia Papa Bahati afumbe ngumi na aachie, afumbe na aachie, huku yeye ameweka kidole chini ya mkanda. Mahali ambapo kidole kilibanwa wakati wa kufumba na kupata nafasi wakati wa kuachia, pale akaweka alama ya chaki. Kisha akashona kifundo cha ngozi kwenye alama ile. Mkanda ukivutwa, kifundo kinagonga pete ya chuma inayopitisha ncha ya mkanda na kukataa kupita. Tulikiita kikomo. Hakuna mkanda wa karakana yetu uliowahi kuwa na kikomo kabla ya siku ile. Na kwenye ukingo wa juu alishona mstari wa uzi mwekundu, ambao lazima ukae chini ya mfupa, ili kimto kisipande tena juu.

"Munanifungia kama mbuzi mwizi," Papa Bahati akalalamika, akivuta kwa nguvu zake zote. Kikomo kikakataa.

"Mbuzi amefungwa, anakula," Shefu akasema. "Chonga."

Yaliyobaki tuliyafanya bila ubishi mwingi. Mpini wa panga na wa shoka Papa Bahati aliuzungushia utepe wa mpira mpaka ukanenepa na kushika wenyewe. Mazoezi nilimfundisha hivi: kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, ukilaze juu ya goti, kiganja kikitazama chini, shika chupa iliyojazwa mchanga, mkono wa kushoto usaidie kuinua, kisha wa kulia peke yake uteremshe polepole, polepole kama mtu anayetelemka na mayai. Misuli hujifunza nguvu zaidi inaposhusha kuliko inapoinua. Alisema chupa yenye mchanga haijawahi kumponya mtu, chupa zenye vitu vingine labda. Lakini alifanya, kwa sababu Mama Bahati alisimama juu yake. Na kazi nzito akaiweka asubuhi, ya kupaka na kusugua mchana, ili kano ipate pumzi.

Siku chache baadaye alikuja kusema hakuna tofauti. Baadaye akaja kusema kikombe cha chai ameinua, lakini shoka bado. Kulikuwa na siku alizozidiwa, akakaa bila kushika chochote, na siku hizo hakufanya mzaha. Sikumwahidi kitu. Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua: mkanda unapunguza maumivu wakati wa kushika, mazoezi yanaimarisha, muda unafanya sehemu yake, na mwisho wa mwezi haumjui yeyote kati ya hao watatu.

Siku aliyoagwa Shefu iliangukia kwenye mwisho uleule wa mwezi. Tulipanga viti uani, Sista Msimamizi akaja kutoka Lac Vert na keki, Daktari Mkurugenzi akasema sentensi zake fupi. Shefu alisimama kujibu. Alisema alipoanza kazi alidhani kifaa kizuri ni kile ambacho mgonjwa anakivaa na kutoka mlangoni amenyooka. Sasa anadhani kifaa hakijamalizika mpaka umekiona kinatumiwa vibaya. Alisema anasikitika kidogo kwamba amejua hilo akiwa anaondoka, lakini si sana, kwa sababu kuna watu hawajui mpaka wameondoka. Kisha akaniambia, mbele ya wote, "Na weye, usiache. Lakini siku moja-moja pumzika, batu bale chakula."

Daktari Mkurugenzi aliinama kwangu. "Mtu wako yuko wapi, Madmazeli? Leo ndiyo siku."

Nilikuwa najiuliza hilohilo. Tulikuwa tumefika kwenye keki, na Papa Bahati hakuwa ameonekana. Depo ya simenti haiko mbali na kwao. Nilimwona katika mawazo akiwa amekaa mlangoni, na nilianza kutunga maneno ya kumwambia mkurugenzi.

Papa Bahati alifika watu wakiinuka, jasho limemchuruzika, maganda ya mti kwenye nywele, nyuma yake mwanamume mwingine na Mama Bahati. Alikuwa ameleta shoka. Mlinzi wa getini hakutaka shoka liingie hospitalini, wakabishana, na hilo likamchelewesha zaidi. Daktari Mkurugenzi hakungoja maelezo. Alimshika mkono, akageuza vidole, akavibonyeza kucha na kutazama damu ikirudi. Akambonyeza mfupa wa kiwiko.

"Inauma?"

"Inauma, Docta. Lakini zamani ilikuwa inauma na kukataa. Sasa inauma na kukubali."

"Na ile kazi ya depo?" nikauliza.

"Nimetoka kule sasa hivi. Nimemwambia atafute mutu mwenye kupenda kukaa. Miye niko na chukudu mbili za kumaliza."

Mama Bahati alipiga kigelegele kifupi, akajizuia kwa ajili ya wagonjwa. Daktari Mkurugenzi alisema, "Mikanda iendelee. Yenye kikomo," akaenda zake wodini. Shefu alichukua shoka, akapima unene wa mpini kwa vidole, akatikisa kichwa, namna yake ya kusifu.

Sijui hadi leo ni nini kilichomsaidia zaidi, mkanda, mpini, chupa ya mchanga au siku zenyewe, maana ugonjwa huu kwa wengi hupungua wenyewe ukiacha kuuchokoza. Najua kwamba mkanda ulimwezesha kushika kazi huku mengine yakitenda. Mkiwa na mgonjwa kama huyo, mwambieni hivyohivyo, bila kuongeza.

Wageni walipokuwa wakiondoka, Papa Bahati alimvuta mbele yule mwanamume aliyekuja naye, jirani yake anayechonga mbao upande wa pili wa barabara.

"Huyu hajagonjwa," akasema. "Asubuhi tu, akishika kintu, anasikia kama sindano. Nimemwambia asingojee kama miye. Mumufunge mapema."

Yule jirani alikwisha kukunja mkono wa shati na kuuweka juu ya meza ya keki, kiwiko juu, akisubiri. Mafundi walinitazama, kwa kuwa Shefu alikuwa ameshavua aproni.

"Teremsha mukono, Papa," nikamwambia. "Kwanza tuende unionyeshe vile unatumika."

Nikaenda kutafuta kofia.